Kukagua Kitabu cha Picha cha Bibi Titi

Kitabu cha picha cha watoto kuhusu Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wa Tanganyika, hukaguliwa kwanza kwenye kanga. Siku hizi kikitoka chenye jalada la kung'aa kinasifiwa hata hakijafunguliwa, na wanaosifu huwa wametazama uso tu: umefanana, basi. Uso uliofanana hata picha ya pasipoti inao.

Kanga huvaliwa kwa doti, yaani jozi: moja kiunoni, ya pili kichwani au mabegani, zote za chapa moja. Jina, yaani maneno ya kanga, hukaa juu ya pindo la chini, na kanga ikivaliwa sawasawa husomeka nyuma ya mvaaji. Mchoraji ambaye hakulelewa kwenye kanga humwelekeza Bibi Titi kwa msomaji na kumwandika UHURU kifuani, kama fulana ya kampeni. Wengine humfunga kilemba cha Afrika Magharibi, yeye aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na kuimba katika ngoma ya Bomba! Fundi humchora kwa mgongo, jukwaani: jina linasomeka, na mbele yake zinaonekana nyuso za wanaomsikiliza. Husimuliwa habari za mchoraji mmoja wa zamani aliyewapeleka wanafunzi wake kwenye foleni ya maji wakachore migongo tu, na asiyeweza kuonyesha kanga iliyofungwa upya na iliyolegea kwa kazi hakuruhusiwa kugusa rangi.

Umati nao humfichua tapeli. Huchora mwanamke mmoja, akamnakili kwa kompyuta, na mwenye macho humkuta yuleyule mstari wa mbele na wa nyuma, na kipini kilekile puani. Kwa habari ya Bibi Titi hilo ni kosa kubwa, maana tawi la wanawake la chama cha TANU, aliloanza kuliongoza mwaka 1955, lilipata wanachama wake wengi katika vikundi vya ngoma vya mjini, na kila kikundi kilikuwa na sare yake.

Mengine ni mafupi. Uso usiangukie kwenye mshono. Sentensi isizidi pumzi moja. Rangi nne zinatosha. Vitabu vya zamani viliridhika na mbili, vikashonwa kwa uzi, na vilidumu hadi kwa mdogo wa mwisho.

Kisha utafutwe ukurasa wa 1969. Mwaka huo Bibi Titi alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe. Waandishi waoga hufungia hadithi kwenye uhuru wa Desemba 1961, chini ya bendera mpya, kwa kisingizio kwamba mtoto hatoelewa. Mtoto wa miaka saba amekwisha kuona wakubwa wake wakigombana na kupatana. Kitabu kisicho na ukurasa huo kimeuza nusu ya habari, na mnunuzi ana haki ya kukirudisha rafuni.