Mark Knopfler na Adabu ya Sauti Ndogo

Ukimsikia Mark Knopfler kwa mara ya kwanza unaweza kudhani hajui kuimba. Sauti yake imekwaruza kidogo, inakaa chini, na haina haraka ya kupanda. Mistari mingine haiimbi kabisa. Anaisema tu, kama mtu anayezungumza na jirani huku akifunga baiskeli yake. Katika muziki wa roki, ambako waimbaji wengi hupimwa kwa urefu wa ukelele wao, hilo lingetosha kumweka nyuma ya jukwaa maisha yake yote. Lakini mtu huyu, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1949 na kukulia Blyth, karibu na Newcastle, ndiye aliyekuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa la solo wa Dire Straits, bendi ambayo albamu yake ya Brothers in Arms (1985) imeuza nakala zaidi ya milioni 30.

Wanaompenda humsifu kwa mafungu: wengine gitaa, wengine utunzi, na wachache, kwa sauti ya chini, uimbaji. Mimi siwezi kumgawa hivyo. Kwangu Knopfler ni msimuliaji wa maisha ya watu wengine, na vidole vyake, koo lake na kalamu yake vinafanya kazi moja: kuwaachia hao watu nafasi ndani ya wimbo.

Nianze na vidole. Knopfler ana shoto, lakini hupiga gitaa kwa mkono wa kulia kama wengi. Wapiga gitaa wengi wa roki hushika kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi; yeye amejulikana kwa kukiacha. Anatumia kidole gumba, cha shahada na cha kati, huku viwili vilivyobaki vikiegemea kwenye ubao wa gitaa. Namna hiyo aliipata katika gitaa kavu, katika bluzi na kantri za Marekani alizozipiga akiwa kijana Leeds pamoja na rafiki yake Steve Phillips, kabla hajawa na jina.

Tofauti yake unaisikia. Plastiki huugonga uzi kwa ukingo uleule kila mara. Nyama ya kidole huugusa uzi kwanza, kisha huuachia, kwa hiyo noti inaanza ikiwa na mviringo, kama neno linaloanza kwa pumzi. Tena vidole vitatu havina nguvu sawa. Gumba lina uzito wake, cha shahada kina wepesi wake, na akiuvuta uzi kwa nguvu unarudi na kuchapa shingo ya gitaa. Ndani ya sentensi moja ya muziki kuna mnong'ono, kuna kauli ya kawaida na kuna kofi, na bado hajagusa kitufe chochote cha amplifaya.

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Tuna Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye "Masanga" yake ilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na tuna George Mukabi wa magharibi mwa Kenya. Simaanishi kwamba Knopfler alijifunza kwao. Ila kanuni ni ileile: gumba linashika besi, kidole kinaimba juu yake, na gitaa moja linakuwa watu wawili wanaozungumza. Alichofanya Knopfler ni kuyaingiza mazungumzo hayo katika gitaa la umeme, ndani ya bendi ya roki yenye ngoma na besi, mahali ambapo gitaa la solo lilizoea kuhutubia peke yake.

Sikiliza "Sultans of Swing" ya mwaka 1978. Ni habari ya bendi ya jazi inayopiga katika baa moja ya London, usiku wa mvua, mbele ya wasikilizaji wachache wasiojali sana. Wapigaji wenyewe wana kazi zao za mchana. Hawategemei kutoka kimaisha kwa muziki. Knopfler amewahi kueleza kwamba aliutunga kwanza kwenye gitaa lake la chuma aina ya National na akauona umepooza, mpaka alipoupiga kwenye Fender Stratocaster ukapata uhai. Ukisikiliza ulivyorekodiwa, unaelewa kilichokosekana mwanzoni. Karibu kila mstari anaouimba unafuatwa na jibu fupi la gitaa, kama fidla inavyomjibu mwimbaji wa taarabu. Sauti inatoa habari: nani yupo jukwaani, anapiga nini, nani kaingia, nani katoka. Gitaa ndilo linalosema kwamba watu hawa wanastahili heshima. Kama angeyaimba mapenzi hayo kwa koo, wimbo ungekuwa wa huruma, na wapigaji wale wangegeuka watu wa kuonewa imani. Kwa kuwa koo limebaki shwari, wamebaki mafundi.

Utulivu huo una historia. Kabla ya bendi, Knopfler alikuwa mwandishi wa habari kijana katika gazeti la Yorkshire Evening Post mjini Leeds. Baadaye alisoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Leeds, kisha akafundisha chuoni huko Essex. Mapema zaidi, akiwa bado mvulana, alifanya kazi ndogo ndogo katika Evening Chronicle la Newcastle, chumba kimoja na mshairi Basil Bunting, ambaye wakati huo alikuwa mzee anayehariri habari ili apate riziki. Mwaka 2015, katika albamu ya Tracker, Knopfler alimtungia wimbo uitwao "Basil". Hamgeuzi Bunting kuwa shujaa. Anamtazama kwa jicho la yule kijana: mzee aliyechoka, asiyetaka kuwapo pale. Anaweka alichokiona mbele yetu na kunyamaza.

Swali la kusimulia maisha ya mwingine linanihusu. Nasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na utafiti wangu ni masimulizi ya watu waliofanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo bandarini. Mzee ananiambia jambo zito kwa maneno saba, na kalamu yangu inatamani kuyafanya ishirini. Kila sitiari ninayoweza kuiongeza ni yangu, si yake. Nadharia nilizosoma zina majina mengi ya tatizo hili. Nimekuta msaada zaidi katika nyimbo za mtu huyu, kwa sababu ndani yake tatizo linasikika, na wakati mwingine linamshinda.

Lilimshinda, kwa maoni yangu, katika "Money for Nothing" ya mwaka 1985. Knopfler alimsikia mfanyakazi katika duka la vyombo vya umeme New York akiwabeza wanamuziki aliowaona kwenye televisheni za dukani. Akaomba kalamu na karatasi, akakaa palepale na kuanza kuandika. Mbinu ni ileile ya mwandishi wa habari, na nafsineni ni yule mbeba majokofu, si mtunzi. Dhihaka pia inamrudia mtunzi mwenyewe, kwani naye ni mmoja wa hao wanaolipwa kwa kuchezea nyuzi. Ila katika ubeti mmoja mfanyakazi anatumia tusi dhidi ya mashoga, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 2011 baraza linalosimamia viwango vya utangazaji wa redio na televisheni binafsi Kanada liliamua kwamba wimbo huo usipigwe redioni bila kukatwa tusi hilo. Baadaye mwaka huohuo likalegeza na kuviachia vituo uamuzi.

Darasani tunafundishwa kumtenganisha mwandishi na nafsineni, na utetezi huo hapa ni wa kweli. Hata hivyo hautoshi, na sababu iko kwenye gitaa. Katika "Sultans of Swing" gitaa lilisimama pembeni ya msemaji na kumjibu. Katika "Money for Nothing", lile gitaa la Gibson Les Paul linalonguruma liko upande wa msemaji tangu mwanzo. Linatamba naye, linacheka naye, na ni tamu kiasi kwamba umbali kati ya anayenukuu na anayenukuliwa unayeyuka. Anayetukanwa akiisikia redioni hasikii alama za kunukuu; anasikia ukumbi mzima ukiimba. Bado ni wimbo mkubwa. Ila mazungumzo ya gumba na kidole yamegeuka kauli moja, na nukuu aminifu ya maneno ya mtu haikutosha kuleta haki.

Kuna udhaifu mwingine wa kinyume chake. Katika albamu zake za peke yake, ambazo zilianza na Golden Heart mwaka 1996 na kufika One Deep River mwaka 2024, utulivu wakati mwingine umekuwa mazoea. Nyimbo tatu za mwendo wa pole zinafuatana, sauti iko palepale, na unatamani mtu agonge meza. Adabu ikizidi, mhusika naye anafifia.

Lakini katika albamu hizohizo kuna "So Far from the Clyde", ndani ya Get Lucky ya mwaka 2009. Clyde ni mto wa Glasgow, na kwa muda mrefu kingo zake zilijaa viwanda vya kuunda meli. Wimbo unaifuata meli iliyozaliwa pale hadi safari yake ya mwisho, kwenye ufuko wa mbali ambako meli chakavu huvunjwa. Mabaharia wachache waliobaki wanakula chakula cha mwisho pamoja. Meli inaelekezwa nchi kavu na kupandishwa mchangani kwa nguvu zake yenyewe. Kisha wavunjaji wanakuja, na Knopfler anataja kinachotolewa, kimoja kimoja, hadi kinabaki kiunzi.

Nimeusikiliza mara nyingi nikisubiri mahali ambapo sauti itapanda. Meli inapogonga ufuko, mwimbaji mwingine angepanda. Yeye habadilishi pumzi. Hakuna solo ya kujionyesha, hakuna anayelaumiwa kwa jina, hakuna neno linalotuambia tulie. Waliounda meli ile hawatajwi sana, lakini wapo katika kila kipande kinachong'olewa, kwa sababu kila kipande kiliwahi kushikwa na mkono wa mtu. Hapo ndipo ile sauti niliyosema inaweza kudhaniwa haijui kuimba inapofanya kazi ambayo sauti kubwa isingeiweza. Ingepanda, tungemsikiliza Knopfler. Imekaa chini, tunaisikiliza meli.

Nimeandika jina la wimbo huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la utafiti. Mzee wa bandarini akiniambia jambo kwa maneno saba, naandika saba.