Kumwangusha Mtu na Kumnyang'anya Mpira: Istilahi za Ulinzi katika Michezo ya Kompyuta na Msomaji wa Kalemie

Michezo ya kompyuta inayoigiza kandanda hutazamwa kwa kawaida kama picha, ilhali sehemu yake kubwa ni matini. Kila mchezaji wa kuigizwa huelezwa kwa jedwali la sifa zenye alama: katika Football Manager alama hizo huanzia 1 hadi 20, na katika Madden NFL, inayoigiza kandanda ya Kimarekani, hufikia 99. Anayecheza husoma jedwali, hulinganisha sifa, kisha huamua ni ipi ikuzwe. Asipoielewa istilahi, huamua vibaya. Makala haya yanachunguza sifa moja, ile ambayo Kiingereza huiita "tackle", hususan kwa walinzi wa mstari wa mbele wa kandanda ya Kimarekani. Swali ni hili: mfasiri aiandike vipi ili msomaji wa Kalemie aielewe sawasawa na msomaji wa Dar es Salaam?

Ugumu wa kwanza ni kwamba neno hilo la Kiingereza limebeba vitendo viwili. Katika mpira wa miguu, beki humnyang'anya mpinzani mpira kwa mguu. Katika kandanda ya Kimarekani, mlinzi humshika aliyebeba mpira na kumlaza chini. Kiswahili hutenganisha vitendo hivi waziwazi. Katika "ameunyang'anya mpira" kiambishi cha yambwa ni cha mpira, na katika "amemwangusha" ni cha mtu. Tofauti hiyo ya sarufi inalingana na tofauti ya sheria, kwa kuwa lile ambalo mchezo mmoja huliita kazi ya mlinzi, mchezo mwingine huliadhibu. Mfasiri akiandika "kuangusha" katika jedwali la beki wa mpira wa miguu, atakuwa amemsifu beki kwa kosa. Akiandika "kunyang'anya mpira" katika jedwali la mlinzi wa mstari wa mbele, atakuwa amempa kazi ambayo si yake ya msingi.

Wapo watakaopendekeza "kukaba" litumike kote. Pendekezo hilo lina mvuto, kwani neno limekwisha kuzoeleka katika utangazaji wa mpira. Hata hivyo, kumkaba mchezaji ni kumbana asipate nafasi, hata kabla mpira haujamfikia. Football Manager ina sifa ya pekee kwa kazi hiyo, mbali na ile ya kunyang'anya mpira. "Kukaba" likitumiwa kwa zote mbili, safu mbili za jedwali zitapewa jina moja.

Hapa ndipo Kalemie inapopaswa kusikilizwa. Bandari hii iko ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, na Kigoma iko ukingo wa mashariki. Pande zote mbili huzungumza Kiswahili, lakini lugha ya shule ya juu na ya ofisi upande wa Kalemie ni Kifaransa. Nacho Kifaransa kina vitenzi viwili mahali ambapo Kiingereza kina kimoja: "tacler" kwa mpira wa miguu, na "plaquer" kwa raga na kandanda ya Kimarekani. Kwa hiyo mfasiri wa Kalemie huiendea kazi akiwa tayari na tofauti ambayo mwenzake anayesoma Kiingereza peke yake anaweza kuipita bila kuiona. Kwamba kwao husemwa "mupira" na "bachezaji" hakupunguzi uzito wa maoni yao katika jambo hili.

Ugumu wa pili unahusu nafasi ya sifa hiyo miongoni mwa nyingine. Wengi wanaoanza mchezo hudhani kwamba mlinzi hukamilika kwa kupandishiwa alama za kuangusha tu. Dhana hiyo haina msingi. Mlinzi wa mstari wa mbele hukutana kwanza na wazuiaji walio mbele yake, na asipowapita hatamfikia aliyebeba mpira. Ndiyo maana Madden NFL hutenga sifa ya kujinasua kwa mzuiaji, ya kutumia nguvu, ya kutumia ujanja na ya kufukuza. Kiswahili kina maneno yaliyo tayari kwa sifa hizi: kuchopoka, kumbo, chenga na kufukuzia. Yakifuatana hivyo na kumalizikia kwa "kuangusha", jedwali lenyewe humfundisha msomaji utaratibu wa kazi: alama za kuangusha zina faida kwa mlinzi aliyekwisha kuchopoka.

Mfano wa uwanjani unasaidia. Mwaka 2013 Daniel Adongo, Mkenya mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza kandanda ya Kimarekani. Raga humzoeza mtu kumwangusha mwenye mpira, lakini sheria zake hukataza kumzuia asiye na mpira. Mchezaji wa aina hiyo anaingia na kuangusha akiwa amekwisha kukujua. Kuchopoka ndiko anakopaswa kujifunza upya. Jedwali lisilotenganisha mambo hayo mawili haliwezi kueleza hali yake.

Yawezekana kudai kwamba istilahi za michezo ni jambo dogo. Lakini historia ya usanifishaji inatoa tahadhari. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihusisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, nchi zilizokuwa chini ya Uingereza; Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Tangu hapo imekuwa rahisi kuunda istilahi kwa kutazama Kiingereza pekee. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na udhuru wa kuiacha nje umekwisha. Vijana wengi hukutana na kompyuta kwanza kupitia michezo. Ikiwa istilahi za michezo hiyo zitaamuliwa bila Kalemie, kijana wa huko atabaki na Kifaransa kila anapotaka kuelewa vizuri, na Kiswahili chake kitabaki cha mazungumzo tu.

Inapendekezwa, basi, kwamba "kunyang'anya mpira" liwe la mpira wa miguu, "kuangusha" liwe la kandanda ya Kimarekani na raga, na "kukaba" libaki na maana yake. Maneno yote matatu yamo katika lugha tayari. Kinachotakiwa ni kuyajaribu kwa wasomaji wa kingo zote mbili za ziwa kabla ya kuyachapisha.