Maumivu ya SS: tiba ya kuongea inatuliza nini?

Bandugu, tunapenda kusema kwamba kijana mwenye SS akifundishwa kutawala mawazo yake, krizi zitapungua. Basi tusome utafiti wenyewe. Kofi Anie, mwanasaikolojia wa London, na mwenzake John Green walikusanya majaribio ya tiba ya saikolojia kwa maumivu ya drepanositozi. Mapitio yao ya Cochrane yalirudiwa mara kadhaa, mojawapo 2015. Walikubali majaribio 7, na yaliyotoa hesabu ya kutumika ni 5 tu, watu 260. Mimi ni mtu wa mashamba: kwa hesabu kama ile siwezi kumwambia mulimaji wa Kambove abadilishe mbegu ya mahindi.

Ila kuna jibu moja mule la kusoma mara mbili. Katika jaribio moja, tiba ya mawazo na mwenendo ilipunguza uchungu wa moyo unaoambatana na maumivu. Ukali wa maumivu yenyewe haukusogea hata kidogo. Waandishi hawakuficha, na hapo ninawaheshimu.

Na uchungu wa moyo si kitu kidogo. Kijana wa miaka 17, saa nane usiku miguu inamuuma, kichwani anasikia ile sentensi ya kwetu: "Batoto ya SS habakomalake." Asubuhi nyumbani wanamwambia: "Unajifanyisha tu." Kumfundisha kupumua polepole, kuwahi krizi kwa maji na joto, kukamata wazo la kifo na kulijibu, hiyo si sawa na "vumilia". "Vumilia" inamnyamazisha. Tiba ikifanywa vizuri, inamfundisha kusema inauma wapi na namna gani.

Pale ninapowapinga ni kipimo. Jaribio jingine liliangalia kama wagonjwa wanatumia hospitali kidogo zaidi, halikuona tofauti. Huku kwetu Likasi kipimo kile kinapima mfuko wa mzazi! Kijana hakuonekana kwa munganga mwezi mzima: maumivu yametulia, ao franka zimeisha?

Tena tusiifanye badala ya dawa, juu maneno ni rahisi kuliko kidonge na wakubwa watayapenda. Jaribio la REACH, ambalo Léon Tshilolo na wenzake walichapisha 2019, lilifuata watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale waliopewa hidroksiurea. Krizi za maumivu zilishuka kutoka 98,3 mpaka 44,6 kwa watoto 100 kwa mwaka. Mwanasaikolojia anakuja nyuma ya kidonge, kwa zile krizi zinazobaki.

Wenzetu wa lisanse ya saikolojia, kazi iko hapa: kijana wa Panda akisema mifupa "inachoma", "inadunga" ao "inavunjika", kuna tofauti gani? Karatasi ya maswali iliyotafsiriwa toka Kifaransa haitawaambia. Mukamuulize yeye.