Njia Kwanza, Jina Baadaye

Katika ISA Server 2000, programu ya fayawoli ya Microsoft, mambo mengi yalitegemea jedwali moja fupi la anwani za ndani, ambalo mafundi waliliita LAT. Humo fundi aliiambia seva ni kompyuta zipi za nyumbani. Zisizoandikwa zote zilihesabiwa kuwa za nje.

Anwani hizo hazichaguliwi ovyo. Tangu Februari 1996, waraka wa RFC 1918 umezitengea ofisi na nyumba mafungu matatu: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Fungu la kwanza pekee lina anwani 16,777,216. Kwa kuwa hazisafiri kwenye intaneti, ofisi ya Mombasa na ya Oslo zinaweza kutumia 192.168.1.10 kwa wakati mmoja bila kugongana.

Umakini wa fundi ulipimwa kwenye LAT. Alipoingiza anwani za upande wa nje kwenye jedwali, seva iliwaamini wageni kama watu wa nyumbani. Alipolisahau tawi la 192.168.20.0 lililo nyuma ya ruta, wenyeji walifungiwa nje. Na hata alipoliandika, bado ilikuwa lazima aioneshe seva njia ya kulifikia. Lango la kutokea liliwekwa kwenye kadi ya mtandao ya upande wa nje tu.

Kisha barua pepe. POP3 huzipokea kupitia mlango 110, SMTP huzituma kupitia 25, na zote mbili hukwama ikiwa DNS, kwenye mlango 53, haijaruhusiwa kugeuza jina la seva kuwa namba. Mtumiaji huona jambo moja tu: barua haziji. Fundi mwenye haraka hufungua milango yote, barua zikaingia, akashukuriwa; kumbe amebomoa ukuta aliopewa aulinde.

Fundi hodari, na huyu anastahili sifa nyingi kuliko anazopata, huketi kwenye kompyuta ileile inayolalamikiwa. Hufungua telnet na kuita seva ya barua kwa namba yake, mlango 110. Ikijibu +OK, njia ipo. Akirudia kwa jina likagoma, basi kasoro iko kwenye DNS, naye hufungua mlango 53 na kuiacha mingine ilivyo.

Siku hizi barua husomwa kwa usimbaji kupitia 993 na 995, ambako telnet haifui dafu. Mafundi hutumia openssl, wakiuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule.