Kuupima Utabiri wa Mmenyuko wa Uondoaji

Mmenyuko wa uondoaji ni ule ambao molekuli hupoteza hidrojeni kutoka kwa kaboni moja na kundi jingine kutoka kwa kaboni jirani, kisha bondi maradufu ikatokea kati ya kaboni hizo mbili. Mwanafunzi wa sekondari mjini Kitengela au Kajiado hukutana nao katika utayarishaji wa etheni, ethanoli inapopashwa moto pamoja na asidi kolezi ya salfuriki hadi nyuzi 170 hivi, na zao lenyewe huandikwa sawasawa bila taabu. Ubora wa kazi hudhihirika pale hatua zinapochorwa. Anayeonyesha maji yakiondoka kwanza na kuacha kabokationi, yaani kaboni yenye chaji chanya, amekwisha kukosea, kwa maana kabokationi ya ethanoli ina jirani mmoja tu wa kaboni wa kuitegemeza, na haidumu kiasi cha kuwa kituo cha njiani. Mjuzi huipa oksijeni protoni kwanza, kisha huonyesha hidrojeni ikitwaliwa na maji yakitoka kwa wakati mmoja. Njia hii ya pamoja huitwa E2, na ile ya kupitia kabokationi E1, majina yaliyotokana na kazi ya Christopher Ingold na Edward Hughes katika miaka ya 1930.

Baada ya hatua hukaguliwa besi, yaani kitu kinachotwaa protoni, na hapa Kaunti ya Kajiado yenyewe ina mfano ulio bora. Magadi ya Ziwa Magadi, ambako Kampuni ya Magadi Soda ilianza mwaka 1911, yakichomwa hupoteza maji na kaboni dioksidi, ikabaki kabonati ya sodiamu, nayo ni besi hafifu mno kuinyang'anya 2-bromobutani hidrojeni yake, hata ikitiwa kwa wingi. Kabonati hiyo ikichemshwa katika maji pamoja na chokaa iliyozimwa hutoa hidroksidi ya sodiamu, ambayo nguvu inayo. Lakini ndani ya maji hidroksidi huelekea zaidi kukalia nafasi ya bromini, ilhali ndani ya ethanoli ya moto huelekea kwenye uondoaji. Kwa hiyo utabiri usiotaja kiyeyushi haufai kuaminiwa, hata mishale yake ikiwa imechorwa kwa mkono mzuri.

Kuhusu mahali bondi maradufu itakapokaa, kanuni ya Alexander Zaitsev ya mwaka 1875 husema kuwa alkeni iliyozungukwa na makundi mengi ya kaboni ndiyo hutokea kwa wingi. Kwa hidroksidi ya potasiamu katika ethanoli, 2-bromobutani hutoa takriban asilimia 81 ya 2-buteni na 19 ya 1-buteni. Jibu lililotaja 2-buteni peke yake ni nusu ya jibu, na hata nusu hiyo haijakamilika mpaka maumbo ya cis na trans yatofautishwe. Besi yenye umbo kubwa, kama potasiamu tert-butoksidi, huweza kuugeuza mwelekeo, kwa kuwa huifikia kwa urahisi zaidi hidrojeni iliyo pembeni.

Mtihani mgumu kuliko yote ni ule wa menthili kloridi. E2 hutaka hidrojeni na kundi liondokalo vielekee pande zinazopingana, na katika mduara wa kaboni sita sharti hilo hutimia vyote viwili vikisimama wima, kimoja juu na kimoja chini. Neomenthili kloridi, ndugu yake wa karibu, hulitimiza bila shida na kutoa hasa 3-mentheni, kama Zaitsev alivyosema. Menthili kloridi yenyewe hulazimika kwanza kujigeuza hadi umbo lenye msongamano, ambamo hidrojeni moja tu ndiyo imesimama panapofaa. Ndiyo maana humenyuka polepole mara 200 hivi zaidi, na zao lake ni 2-mentheni peke yake. Mtabiri aliyeandika 3-mentheni hapo amekariri kanuni bila kuitazama molekuli. Aliyekomaa huongeza kwamba besi kali ikikosekana na E1 ikashika njia, kabokationi haifungwi na sharti hilo, na mentheni zote mbili hupatikana, 3-mentheni ikiwa ndiyo nyingi.