Kazi Zote za Mwandishi Mmoja: Shaaban Robert, Kezilahabi na Msomaji wa Kisiwani

Ikisiri

Makala haya yanajadili swali linaloonekana la mchezo: msomaji akiachwa kwenye kisiwa kisicho na watu, naye akaruhusiwa kazi zote za mwandishi mmoja tu wa Kiswahili, amchague nani? Kwa kulinganisha kazi za Shaaban Robert na za Euphrase Kezilahabi, na kwa kurejelea usomaji wa fasihi katika Kibaha na Kisarawe, makala yanadai kuwa kigezo cha uteuzi si ubora wa kitabu kimoja, bali ni kiasi ambacho vitabu vya mwandishi vinahitajiana. Kwa kigezo hicho, Kezilahabi ndiye anayestahili kuchaguliwa.

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 1942, kipindi cha redio cha BBC kiitwacho Desert Island Discs kimekuwa kikiwauliza wageni wake wangechukua nini kama wangeachwa peke yao kisiwani. Kwa desturi ya kipindi hicho, mgeni hupewa Biblia na kazi zote za Shakespeare bila kuziomba, kisha huchagua kitabu kimoja cha ziada. Desturi hiyo inachukulia kwamba kazi zote za mtunzi mkuu zimekwisha kukusanywa, na kwamba kila mtu anaelewa maana ya kuwa nazo. Katika fasihi ya Kiswahili hatuwezi kuanzia hapo. Kabla ya kuuliza nani achaguliwe, hatuna budi kuuliza ni mwandishi gani tuliyewahi kumsoma kwa ukamilifu wake.

Kibaha na Kisarawe, wilaya jirani za Mkoa wa Pwani, ni mahali panapofaa kuuliza swali hilo, kwa kuwa kitabu si kitu kigeni huko. Minaki, wilayani Kisarawe, imekuwa makao ya elimu tangu Chuo cha Mtakatifu Andrea kilipohamishiwa hapo kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925. Kibaha nako kuna Shirika la Elimu lililoasisiwa kwa ushirikiano na nchi za Nordiki katika miaka ya 1960, ambalo lina shule na maktaba. Hata hivyo, mwanafunzi wa huko, kama mwenzake wa mahali pengine nchini, hukutana na fasihi kwanza kupitia orodha ya vitabu teule. Katika orodha iliyotumika kwa miaka mingi, Adam Shafi alisimamiwa na *Vuta N'kuvute*, Shaaban Robert na *Mapenzi Bora*, Edwin Semzaba na *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*. Kila mwandishi na kitabu chake kimoja. Kwa hiyo kinachoachwa kisiwani hapa ni kitabu chenyewe, kikiwa kimetengwa na ndugu zake.

2.0 Kigezo cha uteuzi

Anayetumia ubora wa kitabu kimoja kuwa kigezo hana haja ya kazi zote. Achukue kitabu hicho, avuke. Anayetumia wingi wa kurasa naye anapima mzigo, hapimi fasihi. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni kuhitajiana kwa matini. Je, kitabu cha baadaye kinatulazimisha kukisoma upya kile cha awali? Je, kuna jambo katika mwandishi huyu ambalo halionekani hadi vitabu vyake viwekwe pamoja? Msomaji wa kisiwani hana mwenzi wa kubishana naye. Mwandishi anayemfaa ni yule anayebishana na nafsi yake mwenyewe, ili msomaji apate nafasi ya kuingilia.

3.0 Shaaban Robert: kila kitabu kina vingine ndani yake

Jina la kwanza litakalotajwa na wengi ni Shaaban Robert (1909–1962), na kwa sababu nzuri. Ndiye mwandishi ambaye kazi zake zilipewa hadhi ya mkusanyiko mapema, katika mfululizo wa *Diwani ya Shaaban* uliotolewa na Nelson. Uwanja wake ni mpana: riwaya, tenzi, insha, wasifu wa Siti binti Saad na tawasifu yake mwenyewe. Msomaji mpweke angepata kwake utajiri wa lugha usiokwisha haraka.

Hata hivyo, upana huo una kitovu kimoja. Katika *Kusadikika* (1951), Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta manufaa ya nchi yao, wakarudi na kuadhibiwa. Katika *Kufikirika*, Utubusara anabeba hekima ambayo nchi inaihitaji. Katika *Utubora Mkulima*, shujaa anaiacha kazi ya mjini ili akalime shamba. Majina ya wahusika yanatangaza maadili yao kabla hawajatenda, na maadili hayo hayageuki kutoka kitabu hadi kitabu. Hii si kasoro, bali ni uthabiti wa mtu aliyeamini kwamba fasihi ni shule ya utu. Lakini matokeo yake kwa swali letu ni ya kushangaza: mwandishi ambaye kazi zake zimekusanywa vizuri zaidi ndiye anayehitaji mkusanyiko kidogo zaidi. Aliyeisoma *Kusadikika* kwa makini ameshaonja Shaaban mzima. Vitabu vingine vitamwongezea, ila si rahisi vimpindue.

4.0 Kezilahabi: mwandishi anayejipinga

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) ana rafu fupi. Vitabu vyake vya kubuni ni 10: riwaya sita, diwani tatu na tamthilia moja. Mpweke wa kisiwani angevimaliza katika muda mfupi, kisha angelazimika kuvianza tena, na hapo ndipo thamani yake ingedhihirika.

*Rosa Mistika* (1971) inaonekana kuwa riwaya ya onyo kuhusu malezi. *Kichwamaji* (1974) inaliacha onyo na kuuliza kama maisha yana maana yoyote. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, hapati jibu, anajiua. *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) inalihamisha swali hilo kutoka nafsini hadi kwenye mali na dola, na kumpeleka Tumaini kwenye kitanzi. *Gamba la Nyoka* (1979) inalitazama suala la vijiji vya ujamaa kwa jicho lisilokubali kaulimbiu. Kisarawe, kama wilaya nyingine za vijijini, ilipitia uhamishaji wa watu wa miaka ya 1970. Msomaji wa Maneromango hahitaji kuwa Mkerewe ili aielewe riwaya hiyo. Kisha, baada ya miaka zaidi ya kumi, zinakuja *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), riwaya fupi mbili zinazoachana na uhalisia wa awali. Msimulizi hana jina, mahali hapana ramani, na wanafalsafa wa kale na wa sasa wanageuka kuwa wahusika.

Anayekutana na *Nagona* peke yake huiona kuwa fumbo lisilo na mlango. Ikiwekwa kando ya *Kichwamaji*, mlango unaonekana: swali lililomuua Kazimoto linaulizwa upya na msimulizi asiyekubali kwamba kifo ni jibu. Uhusiano huo unafanya kazi pia kwa kurudi nyuma. Tukitoka *Nagona* kwenda *Rosa Mistika*, tunagundua kwamba hata riwaya ile ya kwanza haikuishia kwenye kifo cha Rosa. Inaendelea hadi kwenye hukumu baada ya kifo. Mbegu ya *Nagona* ilikuwa imepandwa miaka karibu 20 kabla, nasi tuliipita tukitafuta funzo kwa wasichana.

Ushairi nao una safari yake. *Kichomi* (1974) ilizua mgogoro wa mashairi huru na yale ya kimapokeo, na mgogoro huo ukaifunika diwani yenyewe. *Karibu Ndani* (1988) na *Dhifa* (2008) zinaonyesha kwamba kuvunja vina hakukuwa lengo, bali ni njia ya kutafuta sauti ambayo nathari ya riwaya ilikuwa ikiitafuta pia.

5.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la kimaadili. Je, ni busara kumpa mtu aliye peke yake kitabu ambacho shujaa wake anajiua? Pingamizi hili ni zito, lakini linaihusu *Kichwamaji* ikiwa peke yake. Sifa ya utamaushi aliyobandikwa Kezilahabi inatokana kwa kiasi kikubwa na kusomwa kwa kitabu kimoja kimoja. Katika kazi zake zote, kukata tamaa ni kituo ambacho mwandishi alikifikia, akakaa, akaondoka. Msomaji wa kisiwani, kuliko mtu mwingine yeyote, anahitaji kuona kwamba kutoka kunawezekana. Kuambiwa kwamba mtu asiingie hakumsaidii, maana yeye amekwisha kuingia.

Pingamizi la pili ni kwamba kumchagua Kezilahabi ni kumtupa baharini mwanzilishi wa nathari yetu ya kisasa. Hapa historia yenyewe inajibu. Tasnifu ya umahiri ya Kezilahabi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Alimsoma kwa kina, kisha akaandika kwa namna ambayo Shaaban asingeandika. Tunapomsoma Kazimoto, asiyejua atende nini, tunamsikia nyuma yake Karama, aliyejua. Anayemchukua Kezilahabi anamchukua Shaaban pia, kama mzee anayebishiwa kwa heshima.

6.0 Hitimisho

Jibu la makala haya, basi, ni Kezilahabi, kwa sababu ndiye anayepungukiwa zaidi anaposomwa kwa kipande. Uteuzi huu una madai mawili ya vitendo. Kwanza, vitabu vyake 10 vinastahili kutolewa pamoja, kwa mpangilio wa miaka, kama Nelson walivyofanya kwa Shaaban. Pili, orodha ya vitabu teule inaweza kubaki kama ilivyo, lakini kila kitabu kiambatane na kingine angalau kimoja cha mwandishi yuleyule, hata kama hakitahiniwi. Maktaba ya shule, iwe Minaki au Kibaha, haihitaji fedha nyingi kuweka *Kichwamaji* na *Nagona* kwenye rafu moja. Inamhitaji mwalimu atakayemwambia mwanafunzi kwamba hicho cha pili ni jibu la hicho cha kwanza, na kwamba si lazima alikubali.