Pongezi kwa Viongozi wa Misafara ya Sierra Nevada

Wanapotajwa wahamiaji waliovuka milima ya magharibi ya Marekani kwenda California, sifa huwaendea wenye magari ya maksai, ilhali wale waliowatangulia kuwaonyesha vivuko, malisho na maji hutajwa kwa uchache. Nao, kwa rai yangu, ndio wastahiki wa kwanza wa taadhima.

Mwaka 1844 msafara wa Elisha Stephens, wenye magari 11, ulifika jangwani Nevada bila kuijua njia ya mbele, hata mzee wa kabila la Wapaiute, wenyeji wa huko, ambaye wageni walimwita Truckee, akazungumza kwa ishara na mwindaji mkongwe Caleb Greenwood, akawachorea mchangani mto uteremkao kutoka milimani. Theluji ilikuwa imekwisha anguka. Magari 6 yakaachwa kando ya ziwa lililo chini ya kivuko, na 5 yakapakuliwa, maksai wakapitishwa mmoja mmoja katika ufa wa jabali, kisha wakafungwa minyororo huko juu wakayavuta magari matupu, watu wakiyasukuma kutoka chini. Hakufa hata mtu mmoja. Miaka miwili baadaye msafara wa Donner, ulioamini njia ya mkato iliyosifiwa na Lansford Hastings, ambaye alipoisifu alikuwa hajawahi kuipitisha gari, ulinaswa na theluji papo hapo, ukapoteza karibu nusu ya watu wake.

Wala sipaswi kumsahau James Beckwourth, aliyezaliwa utumwani Virginia, ambaye mwaka 1850 aliutambua mwanya ulio wa chini kuliko yote milimani humo, akawaongoza wahamiaji kuupita mwaka uliofuata. Mwanya huo ungali unaitwa kwa jina lake.